Pete ya Guka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Likizo imeanza. Mwalimu Everlyn ametuagiza tuandike shajara kwa Kiswahili sanifu. Hataisoma. Ameapa. Anataka tu mkono uzoee. Nitaandika kana kwamba anasoma, kwa sababu mimi ni katibu wa Chama cha Kiswahili, na katibu hana likizo.

Hali ya nyumbani: mbaya.

Guka amestaafu. (Kwa Kiswahili ni babu. Lakini ukimwita Babu haitiki. Anageuka kutazama ni mzee gani ameingia.) Ujanani alikuwa mpiga picha wa harusi hapa Waithaka. Kisha akaajiriwa reli, akawa karani, kamera ikalala. Tangu astaafu amekuwa akikaa kando ya redio akibishana na watangazaji. Ndevu hanyoi. Chai inapoa.

Halafu binti yake, Shangazi Wanjira wa Parklands, akamwazima kamera yake ya dijitali, ile ya kupiga picha keki anazouza. Ilikuwa haina lenzi. Binamu yangu Ivyne aliiangusha ndani ya krimu ya keki, na mashine ya kukorogea ilikuwa inazunguka. Guka akasema hiyo si shida, lenzi anazo. Akashusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati, akatoa lenzi zake tatu za zamani, zimefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha marehemu Cucu, mke wake. Kesho yake asubuhi Guka alikuwa amenyoa ndevu! Sikumtambua. Nilimsalimu kama mgeni.

Lakini kuna sharti. Jumapili ni sikukuu ya Umoja wa Akina Mama kanisani. Guka apige picha ya akina mama wote kwenye ngazi za kanisa. Picha ikitoka vizuri, kamera inabaki Waithaka. Isipotoka, inarudi Parklands, inunuliwe lenzi mpya, apewe Ivyne ajirekodi akicheza densi.

Ivyne! Na ile krimu bado haijatoka kwenye zulia la Shangazi!

Kikwazo kimoja tu. Lenzi za Guka hufungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Kamera hii haina pa kuzungushia. Guka akasema inahitajika adapta. Nikatoka mbio hadi dukani, nikaomba adapta, nikapewa ya stima, yenye matundu matatu. Guka akaitazama. Akaitazama kamera. Akauliza kama tunataka kupiga picha au kupiga pasi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata ufumbuzi! Mwalimu Everlyn hutuambia neno la kukopa ni kama sufuria ya jirani: utapewa, lakini siku moja litakuaibisha. Adapta limetuaibisha. Basi nikatafuta neno letu wenyewe. Kitu chenyewe ni cha mviringo. Cha chuma. Kinavishwa.

Pete!

Nimetangaza rasmi kwamba katika nyumba hii hakuna adapta tena. Kuna pete. Guka akasema mimi niite nitakavyo mradi ipatikane.

Mchana nikaenda Kenyatta Market kusukwa. Msusi wangu ni Veronicah. Ni mjane, yuko kanisa letu, na hakuna jambo linalopita Nairobi bila kupitia kwenye kiti chake. Mpango wangu: nimweleze yeye, naye aulize wateja. Werevu mtupu. Nikamwambia Guka anatafuta pete.

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. Akauliza ni Guka yupi, huyu Mzee Thuo? Nikasema huyo huyo. Nikaeleza kwamba anaihitaji kabla ya Jumapili, kanisani, mbele ya akina mama wote.

"Woi! Mbele ya akina mama wote?"

Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba tangu apate wazo hili ananyoa ndevu kila asubuhi na hata redio ameiacha. Mama mmoja akatoa kichwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akaomba nirudie polepole, hakusikia vizuri hapo kwa ndevu.

Sijawahi kuona watu wakipenda upigaji picha namna hii.

Veronicah alinisuka bila kunivuta hata mara moja. Aliniita "mtoto wangu". Wakati wa kuondoka akauliza, hivi hivi tu, Guka anapenda chapati laini au ngumu. Laini, nikasema. Meno.

Alhamisi, 7 Agosti

Mjini na Guka. Alivaa koti lake la reli na tai. Nikamwambia aniachie mazungumzo, kwa kuwa nina msamiati.

Nikamuuliza askari wa benki, kwa adabu, ni wapi mzee anaweza kupata pete. Akatabasamu, akampigia Guka saluti, akatuonyesha mlango wa sonara. Tukaingia. Zulia! Viti! Tukaletewa maji. Guka akaninong'oneza kwamba maduka ya kamera yameendelea sana tangu siku zake.

Sonara akauliza kama ni ya uchumba au ya ndoa. Guka akasema ni ya kuunganisha. Sonara akasema, mzee wangu, zote ni za kuunganisha. Akauliza kipimo. Guka akajibu bila kusita: milimita arobaini na mbili. Sonara akavitazama vidole vya Guka kwa muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba labda angekuja na bibi harusi mwenyewe.

Hapo ndipo Guka alipogundua tuko wapi. Tukatoka haraka.

Mlangoni, hamadi! Mama Kibe, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama. Akaliangalia bango la dhahabu juu yetu. Akaiangalia tai ya Guka.

"Mzee Thuo! Kumbe ni kweli!"

Guka akadhani anazungumzia picha ya Jumapili. Akasema ni kweli kabisa, ila za hapa zote ni ndogo, yeye anataka kubwa. Mama Kibe akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akatoa simu mkobani na kuvuka barabara bila kuangalia magari.

Tukashuka hadi Barabara ya Luthuli. Kwenye kibanda cha vifaa vya zamani kulikuwa na katoni ya vyuma vya kamera ambavyo hata mwenye kibanda hakujua majina yake. Guka akaingiza mkono kama mtu anayechagua viazi. Akapata pete mbili, moja nyembamba, moja nene kama kikombe. Nyembamba haikushika kamera. Nene haikushika lenzi. Guka akahema. Nikapata wazo. Tuziunganishe! Zikifungwa pamoja, nyembamba ishike lenzi, nene ishike kamera. Guka akasema siku zake umbali wa lenzi ulikuwa jambo la kuheshimiwa, huwezi kuurefusha hivi hivi kama pindo la sketi. Nikamwambia siku zake zimepita, hii ni dijitali.

Akajaribu. Klik! Akafunga macho kama anayeonja mchuzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kamera imekataa.

Tumeiwasha, Guka akabonyeza, nayo ikaandika kwenye kioo kwamba haina lenzi. Haina lenzi! Guka akaigeuza, akaitazama usoni, akaitazama lenzi. Akaniambia niisome tena. Nikasoma tena. Akakasirika. Akaiambia kamera kwamba lenzi hii ilipiga harusi za Waithaka nzima, na haijawahi kuambiwa haipo.

Mpango wa kwanza: kamera za siku hizi huongea na lenzi zao kwa vidoti vya shaba. Lenzi yetu ni bubu. Nikabandika vipande vya karatasi ya fedha ya bablishi, ile peremende ya kutafuna, kwenye pete ili ionekane inaongea. Kamera ikasema haina lenzi. Sasa inanukia mnanaa.

Mpango wa pili: nikaingia kwenye mipangilio na kubonyeza kila kitu. Ikasema haina lenzi kwa Kichina. Nadhani.

Mpango wa tatu ulikuwa kumpigia Ivyne. Sitaki kuueleza. Alicheka hadi akaweka simu chini. Akasema, "We Kui, umemaliza kamusi yote na umeshindwa na menyu?" Kisha, kwa sababu anapenda kuonekana anajua, akanielekeza. Kuna mahali unaiambia kamera ipige hata ikidhani haina lenzi. Nikabonyeza. Ikakubali, ikanyamaza.

Kwa hivyo hatukuithibitishia lolote. Tumeiambia tu isijali. Ningependa mtu aniambie hivyo kuhusu hesabu.

Mlangoni tumekuta bakuli la chapati limefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Halina jina. Laini sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Guka alipiga picha ya mtaa kutoka kwenye kibaraza. Ukungu mtupu. Akasema ni baridi ya Agosti. Saa sita jua likatoka. Akapiga tena. Ukungu. Akapiga lango: ukungu. Akanipiga mimi nikiwa langoni: ukungu wenye nywele za kusukwa. Lakini aliposogea hadi kwenye sukuma wiki, akainama, akapiga, salaala! Siafu mmoja, kila unywele wa mguu wake. Anafanana na fahali wa maonyesho.

Guka akaelewa upesi. Pete mbili zimeisukuma lenzi mbele mno. Inaona cha karibu tu. Kwa mbali ni kipofu. Nikauliza karibu ni kiasi gani. Akanyoosha mkono mbele ya pua yangu. Hapo.

Na kesho kuna akina mama wote kwenye ngazi! Guka akaketi. Akanyoosha mkono kuelekea redio. Nikaiondoa betri upesi.

Nao wageni hawakwisha. Mama Kibe alileta mukimo wa viazi na mahindi. Mama wa kwaya alileta kuku mzima na akauliza kama Guka ana shida ya kifua, kwa sababu yeye anajua kutunza kifua. Veronicah alikuja kuchukua bakuli lake, akalikuta limetiwa mukimo wa Mama Kibe ndani, akaondoka bila kunywa chai.

Saa tisa Shangazi Wanjira akaingia bila hodi, aproni kiunoni, unga kwenye nyusi. Nyuma yake Ivyne, anatafuna bablishi. Shangazi akamuuliza Guka kama ni kweli amepata. Guka alikuwa anapangusa lenzi. Akasema ndiyo, amepata, na inashika vizuri.

Shangazi akauliza kwa nini hakuwaambia watoto wake. Guka akasema alitaka kujaribu kwanza.

Shangazi akashika mgongo wa kiti. "Na ni ya wapi?"

"Ujerumani," Guka akasema.

"Mzungu!"

"Hiyo moja tu. Hizo zingine mbili ni za Japani."

Shangazi akakaa. Ivyne akaacha kutafuna. Guka akaendelea, kwa kuwa hupenda kuulizwa kuhusu lenzi: hii ya Ujerumani ni nzito lakini haizeeki, zimekaa hapa nyumbani miaka yote, hata marehemu Cucu alizijua, ndiye aliyezifunga kwa kitambaa chake. Shangazi akapiga mayowe.

Yote haya ni kwa sababu watu hawajali ngeli! Mtu ni mmoja, wa Ujerumani. Lenzi ni moja, ya Ujerumani. Shangazi angesikiliza viambishi angeelewa tangu neno la kwanza. Lakini Nairobi hii watu husema "mtoto yangu" na "kitu yangu" kwa pumzi moja. Nikamweleza hivyo. Akaniambia nitoke nje.

Guka alipomwonyesha sanduku, Shangazi alicheka hadi unga ukamtoka kwenye nyusi. Kisha akanigeukia. Akasema akina mama wote, kuanzia Waithaka hadi Kenyatta Market, wanaamini kesho Guka anachagua mke. Niende sasa hivi nikaseme ukweli. Kuhusu kamera, sharti ni lile lile.

Nilivaa viatu kabisa. Lakini njiani nikawaza. Wakijua ukweli, watakuja na nyuso za kila siku. Wasipojua, watakuja wamependeza. Picha itanufaika. Nitawaambia baada ya picha. Nikarudi.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu wangu, vitambaa vya kichwa! Vingine vilikuwa virefu kuliko mlango. Mama wa kwaya alivaa viatu vya kisigino na ikabidi apandishwe ngazi na watu wawili. Veronicah alikuwa amejisuka mwenyewe, sijui mikono ilifikaje huko nyuma. Wote walinisalimu mimi kwanza.

Guka akasimama chini ya ngazi, koti la reli mwilini. Akapiga. Nikaangalia kioo. Wingu. Wingu lenye vitambaa vya kichwa. Akasogea hatua. Wingu. Akasogea tena. Shangazi alikuwa kando, mfuko wa kubebea kamera tayari mkononi. Ivyne alikuwa anajinyoosha, kama wachezaji kabla ya mechi.

Guka hakusimama. Aliendelea kupanda ngazi huku amelitia jicho kwenye kamera, mpaka lenzi ikakaribia kugusa pua ya Mama Kibe. Akaganda. Nikamwona akitabasamu nyuma ya kamera.

"Usipumue," akamwambia.

Mama Kibe hakupumua. Klik.

Akahamia kwa aliyefuata. Klik. Na aliyefuata. Kila mama aliangaliwa kwa karibu kama karanga inayochaguliwa. Mstari mzima ukaelewa kwamba uchaguzi wenyewe ndio huu. Wengine walifumba macho. Mama wa kwaya alianza kuimba kwa sauti ya chini. Veronicah zamu yake ilipofika hakufumba wala kutabasamu, alimtazama tu moja kwa moja, machozi yakiwa tayari lakini hayajashuka, na Guka akakaa hapo kidogo zaidi kabla ya kubonyeza.

Nikaona wakati umefika. Nikachukua kipaza sauti. Nikatangaza, kwa Kiswahili sanifu, kwamba pete iliyotajwa ni ya kuunganishia lenzi na kamera, na kwamba hakuna ndoa yoyote.

Mahali fulani kisigino kilivunjika.

"Kwa hivyo zile chapati?" Veronicah akauliza.

Guka akasema zilikuwa laini sana, ahsante.

"Na kuku yangu?" mama wa kwaya akauliza. (Kuku wangu. Sikumsahihisha. Nimekua.)

Shangazi akaunyoosha mkono achukue kamera. Picha ya pamoja hakuna, akasema, na sharti ni sharti. Lakini Mama Kibe alikuwa ameshainyakua aone uso wake. Akatazama kile kioo kidogo. Akaita wenzake. Kila kope ilikuwepo. Kila mkunjo. Nuru ya dirisha la kanisa ilikuwa ndani ya mboni ya jicho lake, na dirisha lenyewe lilikuwa na vioo vyake vyote. Mama Kibe akasema hajui kama ni mzuri au ni mzee, lakini huyu ni yeye kabisa. Veronicah akaitazama yake kwa muda mrefu. Akasema tangu mume wake aage dunia hakuna mtu aliyemwangalia kwa karibu hivyo, ila daktari wa meno.

Wakaanza kugombea kuziona picha zao. Ndipo kwenye kioo ikapita moja ambayo hatukujua Guka ameipiga, nadhani nilipokuwa natangaza na wote wananitazama mimi. Shangazi Wanjira mwenyewe, kando ya ngazi, amekunja uso akingoja. Shangazi akaisogelea. Akasema huyo ni marehemu Mama. Guka akasema naam, paji la uso ni lake, na hiyo hasira pia.

Shangazi akaukunja ule mfuko wa kamera, akautia kwenye mkoba. Ivyne akaacha kujinyoosha.

Kamera imebaki!

Jumanne, 12 Agosti

Imebaki nusu.

Shangazi alilala akiwaza. Lenzi inayoona kila kope, akasema, itaona kila punje ya sukari. Jana akapiga picha keki moja kwa lenzi ya Guka na zile pete zangu mbili, na wateja wakapiga simu siku nzima. Kwa hivyo amepitisha: Jumatatu hadi Ijumaa kamera iko Parklands, mwisho wa wiki iko Waithaka. Lenzi moja ya Japani na pete zimekwenda nayo. Ivyne hatajirekodi kamwe. Kuna haki duniani.

Guka amekubali. Amenyoa ndevu hata leo, siku isiyo na kamera. Lakini nilimwona akiishika lenzi ya Ujerumani dirishani, anachungulia ndani yake bila chochote nyuma. Akasema lenzi anazo, pete nyingine zitapatikana Luthuli, anakosa tu ile sehemu nyingine, yaani kamera tupu, hata kuukuu. Ivyne, kwa simu, akasema watu huiita "bodi". Bodi! Hilo ni neno la kukopa. Bodi ni ya shule. Nimeshajifunza.

Nimefungua kamusi. Neno letu lipo, zuri, fupi, na halina utata wowote. Nimehakikisha hata ngeli. Nimeandika tangazo kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye ukuta karibu na geti la hospitali, njia ya Kenyatta Market, ambako watu wengi hupita:

MZEE THUO WA WAITHAKA ANATAFUTA MWILI. HATA ULIOTUMIKA. USIWE UMEINGIA MAJI. ATAKUJA KUUCHUKUA MWENYEWE.

Chini yake, nambari ya Guka. Simu yake ninayo mimi, ili nishughulikie kila kitu kwa msamiati.

Imelia sasa hivi! Mtu mwenye sauti ya upole sana. Amenipa pole. Ameuliza kama tunatafuta wa mwanamume au wa mwanamke. Nimemwambia hatuchagui, mradi kioo cha nyuma hakijapasuka na skrubu zote zipo.

Amenyamaza. Nadhani ameenda kuangalia.